Utomvu Kwenye Suti ya Kujaribu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Likizo imeanza. Siku kumi na nne. Nimeamka saa kumi na mbili kwa mazoea, nikavaa shati la kazini, nikakumbuka, nikavua. Nikarudi kitandani. Usingizi umekataa.

Sababu ni Ephrasia. Niandike kwa utaratibu, kama faili. Mimi ni Wilbert Kamugisha, karani wa masjala, miaka thelathini na tisa, mkazi wa Bakoba, chumba na sebule, jiko la nje. Ephrasia ni muuguzi wa zahanati na ndiye ninayetaka kumuoa. Na yeye anataka, ila ana sharti. Alilisema jana baada ya misa ya Pentekoste, tukiwa bado mlangoni mwa kanisa. Kwamba yeye anafanya kazi kwa zamu, na hataki kurudi nyumbani amechoka akute mwanaume ameketi anasubiri kupikiwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi napika. Nikaongeza kwamba ebitoke vyangu, ndizi za kupika za kwetu, watu huviulizia.

Sijui kwa nini niliongeza.

Ephrasia akafurahi sana. Akasema basi Jumamosi atakuja na Shangazi Immakulata kutoka Kimwani, waje wale hivyo ebitoke. Huyu shangazi ndiye aliyemlea. Akiridhika, barua yangu ya posa itapokelewa. Asiporidhika, barua nikae nayo mwenyewe.

Ukweli ambao utabaki katika daftari hili tu: sijawahi kumenya ndizi ya kupika hata moja. Mhaya wa Kaagya, nimezaliwa katikati ya migomba, na mama hakuwahi kuniruhusu kuvuka kizingiti cha jiko. Asubuhi nakula chapati kibandani, mchana nakula kwa mama ntilie, jioni narudi kibandani. Sikukuu nachemsha yai.

Hadi saa tano asubuhi mpango ulikuwa umekamilika. Mama Nuriat, jirani yangu, anapika kuliko watu wote wa mtaa huu. Jumamosi atapika yeye. Sufuria itaingia kwa mlango wa nyuma, wageni wataingia kwa mlango wa mbele. Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, sufuria haitapoa njiani. Nimempelekea sukari na mche wa sabuni. Amekubali. Nimemsisitiza kwamba ni siri. Akasema yeye ni kaburi. Akacheka kidogo, nadhani kwa furaha ya sabuni.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Kaagya kwa mama kuchukua mkungu. Ndizi za sokoni zipo, lakini shangazi wa Kimwani huenda anajua ndizi kwa kuziangalia tu. Sitaki kuhatarisha.

Mama alifurahi kuniona. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia mvua, ndizi humenywaje. Akanitazama. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Akauliza kama naumwa, halafu kama nimefukuzwa kazi. Nikasema ni udadisi tu. Akasema mwanaume mwenye udadisi akaangalie kahawa, imeiva na hakuna wa kuichuma. Nimechuma kahawa hadi saa kumi jioni. Hii ndiyo likizo!

Kabla ya kuondoka nikachungulia jikoni nione anavyoshika kisu. Mama akanitoa na mwiko. Miaka thelathini na tisa, mtumishi wa umma, natolewa na mwiko. Akasema waitu, yaani jamani, marehemu baba yako aliondoka duniani hajui chumvi ya nyumba hii inakaa wapi. Alilisema kwa fahari.

Nimerudi Bakoba na mkungu mkubwa. Nikapita nao mbele ya Bundala kwa makusudi.

Bundala anahitaji maelezo. Anapanga chumba cha mwisho kwenye baraza letu. Ni Msukuma, mfanyabiashara wa dagaa, wiki mbili yuko visiwani Muleba, wiki mbili yuko hapa. Kule kwenye kambi za wavuvi wanaume hujipikia, kwa hiyo anajua kupika. Anapika barazani mchana kweupe, amevaa bukta kuukuu, huku anaimba. Harufu inaingia kwangu bila kupiga hodi. Mwezi uliopita Ephrasia alipita, akaonja dagaa wake, akasema huyu ndiye mwanaume. Ilikuwa utani. Tarehe nimeiandika.

Bundala aliusifu mkungu, akauliza kama Bwana Karani nitahitaji msaada siku ya kupika. Nikamwambia asante, napika tangu utotoni.

Jumatano, 11 Juni

Chakula kimeshughulikiwa. Leo mavazi.

Yuster ana duka la nguo karibu na soko. Wateja anaowaamini huwaruhusu kwenda na nguo nyumbani kuijaribu, na kuirudisha Jumatatu kama haikuwapendeza. Mimi ananiamini kwa sababu nilikwenda na kitambulisho cha kazi shingoni. Kwa hiyo mpango wa pili ni huu: nitaivaa Jumamosi, nitaposa, na Jumatatu nitairudisha nikisema hainikai vizuri mabegani.

Nimejaribu suti sita. Nyeusi, Yuster akasema nimekuwa kama wale wanaobeba jeneza. Ya bluu, nimekuwa mlinzi wa benki. Ya kijani sitaiandika. Halafu akaniletea ya rangi ya maziwa. Nikavaa koti, nikageuka kwenye kioo, nikageuka tena. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa namna ile. Kioo cha Yuster kimeegemezwa ukutani na kinarefusha watu, lakini hilo nimelifikiria nikiwa njiani.

Suruali inabana. Saizi yangu ipo ya kijivu peke yake. Nikamwambia Yuster nachukua ya maziwa, tumbo litafuata. Akasema masharti ni mawili: lebo isikatwe, doa lisionekane. Akanitazama tumboni kwa muda. Lebo ni kipande cha karatasi ngumu kinachoning'inia kwa uzi, nimekisukumia kwapani. Kinachoma.

Kuanzia leo sili jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya mazoezi. Niliwaza kwamba Shangazi anaweza kuingia jikoni, na jiko lisilonuka moshi litanisaliti. Nikaona nichemshe maharage, jiko lipate harufu ya kazi. Maharage hayana utaalamu. Maji, moto, basi. Nikayabandika nikaingia ndani kujaribu suruali.

Suruali ilipanda. Zipu ilipanda. Kifungo kilifungika nikiwa nimelala chali. Tatizo ni kwamba havikutaka kurudi. Nilipambana nusu saa. Moshi ulipoanza kuingia chumbani nilikuwa naruka kwa mguu mmoja kuelekea dirishani. Bundala akaingia bila hodi. Alikuwa ameshatoa sufuria nje. Akaniketisha kitandani, akashika miguu ya suruali, akavuta kama mtu anayevuta wavu. Ikatoka. Alisema tu kwamba maharage hulowekwa tangu usiku na kwamba maji huongezwa.

Nikamwambia nilikuwa najaribu njia mpya.

Jiko sasa linanuka moshi kabisa, hadi barazani. Kwa hiyo mazoezi yamefaulu.

Ijumaa, 13 Juni

Ephrasia alipita jioni akitoka zamu. Kwanza aliingia kwa Mama Nuriat, habari za kliniki ya mtoto. Walikaa kitambo. Nilisikia wanacheka mno. Kliniki za siku hizi zinachekesha.

Halafu akaja kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Akauliza kama kila kitu kiko sawa kwa kesho. Nikasema kabisa. Akasema kama kupika ni kugumu nimwambie sasa hivi, hatakasirika, hata kidogo. Akasubiri. Alikuwa bado na viatu vyeupe vya kazini na macho ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Nikamwambia kupika kwangu ni kama kupumua.

Akasema sawa. Akaangalia chini, akaondoka. Nadhani alikuwa amechoka.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi mbele ya kioo: mwiko mkono wa kulia, tabasamu, na maneno "nimepika kidogo tu, msinicheke". Nimeyasema mara ishirini. Yanatoka vizuri. Sijala tangu jana mchana na suruali inafungika nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 14 Juni

Saa mbili asubuhi nimevaa suti. Saa tatu niko mbele ya kioo na mwiko. Saa tatu na nusu Mama Nuriat anabisha mlango wa nyuma, hana sufuria.

Akasema leo hataweza, mkono unamuuma. Nikauliza upi. Akainua wa kulia, akafikiri, akainua wa kushoto. Akaniwekea mezani kisu cha ndizi na kichupa cha mafuta ya kula, akasema pole jirani, akaondoka mbio. Sikujua kwamba mkono ukiuma miguu hupata nguvu.

Basi la Kimwani hufika saa sita.

Nilikaa kwenye kigoda, nusu, kwa kadiri suruali ilivyoruhusu. Nikafikiria kukimbilia Kaagya. Suruali hairuhusu kukimbia. Nikafikiria kuugua ghafla, lakini Ephrasia ni muuguzi. Nikafikiria kununua chakula kwa mama ntilie, lakini anapikia upande wa kituo cha basi, ningekutana nao nimebeba sufuria. Kisha nikamkumbuka Ephrasia jana mlangoni, anaangalia chini. Nikaona aibu. Sipendi kuandika hivi, lakini niliona aibu sana, mpaka nikaogopa kwamba nitampoteza kweli. Nikachukua kisu.

Bundala alikuwa barazani kwake anachambua dagaa. Akanitazama. Akaniambia Bwana Karani vua koti, na paka mafuta mikononi kabla hujagusa hizo ndizi. Nikamwelewa mara moja. Anataka Ephrasia anikute na fulana ya ndani! Nikabaki na koti. Na mafuta nikayaweka mbali kabisa, kwa sababu kila mtu anajua mafuta huacha doa kwenye nguo. Nikajifunga taulo kiunoni kulinda suruali.

Ndizi ya kwanza ilichukua dakika kumi na ikabaki nyembamba kama kidole. Ya pili ilirukia uani. Bundala akaanza kusema kutoka kule aliko, bila kuniangalia, kama anaongea na dagaa. Kata ncha zote mbili. Pitisha kisu kwa urefu, usizame. Ingiza kidole gumba, sukuma. Tupia kwenye maji zisigeuke nyeusi. Msukuma anamfundisha Mhaya kumenya ndizi! Wazee wa Kaagya wangesikia wangezima redio. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nasikiliza tu.

Utomvu ulitoka, naukubali. Ulidondokea mikono ya koti, ukawa kama maji, nikaufuta kwa taulo, ukapotea. Nikajipongeza kwa kukataa mafuta.

Ndizi ya ishirini ilifanana na ndizi. Nilikata vitunguu na nyanya, nikatia chumvi, nikatia yale mafuta, nikafunika kwa jani la mgomba kama Bundala alivyowaambia dagaa. Kwenye kuonja niliona kuna kitu. Hakikuwa kibaya. Nilionja tena. Nilikuwa na njaa ya siku mbili, kwa hiyo sikujiamini.

Saa sita na nusu wakaingia. Shangazi Immakulata ni mfupi, kitenge kipya, rozari mkononi, maneno machache na macho mengi. Alinisalimia Kihaya, akapita moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akaifunika. Ephrasia aliitazama suti, akatazama taulo, akaziba mdomo. Nikasema nimepika kidogo tu, msinicheke. Hakuna aliyecheka. Sentensi ilikwisha hapo, mazoezi yote mara ishirini.

Nilipoinama kupakua, lebo ikachomoka kwapani ikaning'inia juu ya sahani ya Shangazi. Akauliza hiki ni nini. Nikasema ni skapulari, ile ya ibada ya kuvaa shingoni. Akaishika, akasogeza miwani. Akasema imeandikwa herufi M. Nikasema ni ya Maria. Akafanya ishara ya msalaba. Na mimi nikafanya. Ephrasia alitoka nje kwa dakika mbili, akasema ni moshi.

Wakala. Shangazi akamaliza sahani, akaongeza. Nikaanza kupumua. Ephrasia akakata parachichi, mimi nikanyoosha mkono kupokea kipande. Hapo ndipo nilipouona mkono wangu.

Mkono wa koti ulikuwa umegeuka. Michirizi ya kahawia, mingine myeusi, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nikautazama wa pili. Na wenyewe. Ule utomvu niliofuta ukapotea ulikuwa haujapotea, ulikuwa umekwenda kujiandaa. Nikaweka mikono chini ya meza. Shangazi akasema itoe.

Akaushika mkono wa koti, akaukunja, akaunusa, akamwonyesha Ephrasia. Akasema huyu kamenya mwenyewe. Nikasema ndiyo, mimi namenya kila siku. Akauliza, na kila siku unanunua suti?

Nikamsogezea parachichi kwa mkono mwingine.

Akasema alikuja na neno la kukataa mdomoni. Kwamba wanaume wa maneno matamu anawajua. Ameishi na mume miaka thelathini na mmoja, na nguo za mumewe hazikuwahi kupata tone la utomvu. Mwaka mmoja yeye Immakulata alikuwa na malaria mbaya, hawezi kusimama, na mzee alikuwa anakuja mlangoni kuuliza ataamka saa ngapi amenye ndizi. Mlango wa jiko ulikuwa hatua nne. Alisema hivyo akiwa bado ameshika mkono wa koti langu, na macho yamemjaa machozi. Ephrasia akamshika bega. Mimi nikatazama sahani.

Neno lake: barua iende Kimwani tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Siku hiyo nipike tena kule kwake, na kaka wawili wa Shangazi waje kula, waone kwa macho yao.

Nimeshinda! Baada ya wao kuondoka nililala chali, nikafungua kifungo, nikamaliza sufuria nzima.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza nimekwenda na shati la kazini. Baada ya misa, madoa.

Sabuni: yamekuwa meusi zaidi. Ndimu: yametulia, kisha yamepanuka. Mafuta ya taa: madoa yako palepale na sasa suti inanuka kama kibatari. Mama Nuriat alichungulia uani akaniambia utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye kitambaa umehamia, usimsumbue mpangaji. Mkono wake umepona. Yote miwili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepeleka suti kwa Yuster ikiwa imekunjwa, mikono ndani. Nikasema hainikai vizuri mabegani. Yuster akaikunjua. Nikasema ilikuwa hivyohivyo tangu mwanzo, labda ni nakshi. Akainusa. Akasema yeye amezaliwa shambani kama mimi, na kama hii ni nakshi basi bibi yake alikuwa mwanamitindo.

Suti sasa ni yangu. Lebo ameikata mwenyewe, mbele ya wateja, kwa mkasi mkubwa.

Jumatano, 18 Juni

Ephrasia amekuja, ameketi, amesema ana jambo. Nikadhani anavunja uchumba.

Akasema alijua tangu Jumatatu ile. Mama Nuriat alimweleza siku hiyohiyo, kabla sukari haijafika kwenye kopo. Ni yeye Ephrasia aliyemwomba asipike. Alitaka kuona, nikiachwa na kisu na ndizi, nitafanya nini. Ijumaa alikuja kunipa nafasi ya kusema ukweli, na nikamjibu mambo ya kupumua. Alirudi kwao akalia. Jumamosi alimpokea Shangazi kwenye basi akiamini kabisa kwamba atakuta mlango wangu umefungwa. Akakuta taulo.

Akasema hajali ndizi. Anachotaka ni mtu asiyemfanyia maigizo. Akasema atanifundisha mwenyewe, kila siku asipokuwa na zamu, na hadi Agosti nitakuwa najua. Sharti moja: hakuna mipango tena. Nimemwahidi. Nilikuwa namaanisha, nilimwambia samahani na sauti ikakatika katikati.

Mama Nuriat ni kaburi lenye dirisha.

Ijumaa, 20 Juni

Somo la kwanza. Nimevaa fulana iliyotoboka, nimepaka mafuta hadi viwiko. Ephrasia aliketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, akielekeza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Kwenye ndizi ya sita sauti ikapungua. Kwenye ya nane alikuwa amelala.

Sikumwamsha. Nilimfunika kitenge, nikamaliza kumenya peke yangu, nikabandika. Niliketi kulinda sufuria isiungue na yeye asianguke. Bundala alipita, akaona, akatembea kwa vidole. Ephrasia alipoamka nilimpakulia. Alikula yote, akalamba kijiko, akasema asante Wilbert. Basi, hivyo tu. Sijapata kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe, hata siku ya kuajiriwa.

Utomvu kwenye nguo: hakuna hata tone. Hili limenifikirisha.

Jumapili, 22 Juni

Kesho kazini. Likizo imekwisha.

Leo nimevaa suti ya madoa kwenye maandamano ya Ekaristi. Habari zimeenea parokia nzima. Akina mama wanaiangalia mikono yangu, wanaguna, wanawageukia waume zao. Mwenyekiti wa kwaya ya wanaume ameniomba nisiivae tena. Hapo ndipo nilipoelewa nguvu ya jambo hili. Shangazi hakushindwa na ndizi. Alishindwa na doa.

Sasa Agosti. Nikijifunza kumenya vizuri, nguo itakuwa safi. Nguo ikiwa safi, wale kaka wawili watajuaje kwamba nimemenya? Mafunzo ya Ephrasia yana hatari hiyo na sidhani ameiona. Nimekwenda kwenye mgomba wa nyuma ya nyumba nikakinga utomvu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Yuster amekubali kunitunzia suti nyingine ya rangi ya maziwa, saizi yangu, akasema hii siyo ya kujaribu. Nitaipaka utomvu asubuhi, na ikifika saa ya kula itakuwa tayari. Nimemweleza Bundala. Akasema kumenya ndizi kwenyewe nimeshajua, si nimenye tu. Hana mtazamo wa mbali.

Nimemwahidi Ephrasia kwamba hakuna mipango tena. Huu si mpango, ni maandalizi.

Imebaki chakula, maana kwa kaka wawili huwezi kubahatisha. Kosa la mara ya kwanza nimeligundua: nilimtumia mtu anayejuana na Ephrasia. Safari hii nimepata mama mmoja wa Kimwani kulekule, anaitwa Dativa, nimepewa namba yake na kondakta wa basi. Nimempigia. Anapika kwenye harusi zote za huko. Ephrasia wala hamjui vizuri. Nimemsisitiza kwamba ni siri, akasema yeye ni kaburi, akacheka kidogo.

Na bahati iliyoje! Amesema anakaa na Shangazi Immakulata ukuta kwa ukuta. Sufuria haitapoa njiani.